Sindano ya Mama na Lori la Mtumba

Kila baada ya wiki mbili napanda bodaboda nikiwa nimekumbatia chupa ya chai isiyo na chai. Ndani nimeweka barafu, juu ya barafu kitambaa, juu ya kitambaa mfuko wa nailoni wenye sindano za mama. Dawa yenyewe ni erithropoietini. Manesi wanaiita EPO, sisi nyumbani tunaiita "ya damu". Haitaki joto, haitaki kuganda, haitaki kutikiswatikiswa, na mimi natoka nayo mjini kwenda Iyumbu saa nane mchana, jua la Dodoma limekaa utosini. Dereva aliwahi kuniuliza, "Dada, umebeba mayai nini?" Nikamwambia nimebeba damu ya mama yangu. Akapunguza mwendo, na tangu siku hiyo ndiye ninayempigia simu.

Mama figo zimechoka. Presha ilizila taratibu, miaka na miaka, hadi siku alipoanguka jikoni. Watu wengi wanajua kwamba figo zinachuja damu na kutoa mkojo. Wachache wanajua kwamba ndizo pia zinazotoa ile homoni ya kuuambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikifa, amri haitoki, na mtu anapauka hata kama anakula maini na mchicha kila siku. Kabla ya sindano, damu ya mama ilikuwa 6. Kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa anapumzika njiani, kashika ukuta. Tuliitana ukoo mzima kutafuta wa kuchangia damu: wajomba wawili wakakataliwa kwa presha zao wenyewe, mmoja akazima simu. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, anachomwa sindano, na damu imefika 10. Juzi nimemkuta anafagia uwanja. Nikamgombeza, kisha nikaingia ndani nikalia kwa furaha.

Basi kila ninapokumbatia ile chupa namkumbuka mtu mwingine wa pikipiki. Julai 1999, kwenye mbio za baiskeli za Tour de France kule Ufaransa, kuna jamaa alikuwa anaufuata msafara akiwa na chupa kama yangu. Waendeshaji walimpachika jina la Motoman. Mzigo wake ulikuwa EPO, na wateja wake walikuwa Mmarekani Lance Armstrong na wenzake wachache wa timu ya US Postal. Aliyekuja kuyasimulia haya ni Tyler Hamilton, aliyekuwa kwenye timu hiyohiyo. Dawa ileile. Mama anaitumia aweze kufika mlangoni, wao waliitumia kupanda milima ya Alps.

Mwanamke wa Dodoma kujua habari za baiskeli za Ufaransa si jambo la kawaida, najua. Mwaka 2004 nilikuwa mapokezi kwenye gesti moja ya Area A. Mwenye gesti alifunga dishi kwa ajili ya wageni wapenda mpira, na Julai ligi za Ulaya zimelala, kwa hiyo mchana wote wa vumbi na upepo nilibaki mimi na rimoti. Siku moja nikaangukia wanaume wembamba kama fito wanapanda mlima kwa baiskeli, watu wamejaa pande zote mbili wanawapigia kelele masikioni. Nikanasa. Nimekulia nyumba ambayo baiskeli ilikuwa mguu, ilikuwa punda, na mwisho wa mwezi ilikuwa benki.

Na aliyekuwa mbele ya wote ni yule Mmarekani. Mwaka 1996 alikutwa na saratani ya korodani iliyokwisha kupanda hadi kwenye mapafu na ubongo. Akapona, akarudi, akashinda 1999, na alipokuwa anapanda ile milima mbele yangu alikuwa anatafuta ushindi wa sita mfululizo. Mwaka uleule zilitoka zile bangili za mpira za njano za mfuko wake wa saratani. Dunia nzima ilizivaa, mamilioni kwa mamilioni, na Dodoma machinga walizitembeza stendi, za bandia bila shaka. Nilinunua mbili, moja yangu, moja ya mama. Ya mama aliivaa mpaka ikakatika anafua.

Nilimwamini kama ninavyoamini kesho kutakucha.

Siku moja karibu na mwisho wa mbio zile niliona kitu ambacho sikukielewa. Mwitaliano mmoja, Filippo Simeoni, alichomoka kwenye kundi kuwafuata watu sita waliokuwa wametangulia. Hakuwa tishio kwa mtu, alikuwa nyuma sana kwenye msimamo. Lakini Armstrong mwenyewe, na jezi yake ya njano ya anayeongoza mbio, akamkimbilia. Mwenye jezi ya njano hafanyi kazi hiyo, ana vijana wa kumfanyia. Akamfikia, wakawafikia wale sita, na ikaeleweka kwamba maadamu Armstrong yupo pale, timu za nyuma hazitawaachia watu hao waende. Ili wenzake wapate nafasi, Simeoni ikabidi arudi nyuma. Armstrong akarudi naye, na kamera ilipomkaribia akapitisha vidole mdomoni kama mtu anayefunga zipu.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wanaume. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kosa la Simeoni: alikuwa ametoa ushahidi mahakamani dhidi ya daktari Michele Ferrari, yule yule aliyekuwa anamhudumia Armstrong. Zipu ile ilikuwa inamwambia kila mtu kwenye kundi kwamba hapa mtu hasemi.

Mimi zipu hiyo naifahamu. Nilifungwa nikiwa na miaka 11, na hakuna aliyenilazimisha.

Ilikuwa Julai 1993. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, simtaji, aliandaa mbio za baiskeli kutoka Dodoma mjini hadi Buigiri kwa barabara ya Morogoro, kilomita 30 na ushei. Zawadi ya kwanza baiskeli ya Phoenix mpya, bado ina makaratasi kwenye fremu. Zawadi ya pili mche wa sabuni na khanga doti moja. Mpaka leo sielewi ni akili gani iliyopanga zawadi hizo. Hakuna aliyekuwa na baiskeli ya mashindano. Walikuja na zilezile za kubebea mkaa, wamefungua keria na madigadi ziwe nyepesi, wengine wametoa hata kengele.

Kazi yangu ilikuwa dumu la maji la lita tano. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliniweka Mtumba, pale barabara inapoinuka kidogo, nimpe maji akipita. Leo Mtumba kuna majengo ya wizara na taa za barabarani. Wakati ule palikuwa na mibuyu, miiba na mbuzi. Upepo wa Julai unatoka mashariki, unampiga mwendeshaji kifuani kama mtu anamsukuma arudi nyumbani.

Kwanza nikasikia lori. Linapanda kwa gia nzito, taratibu, moshi mweusi. Kisha nikaona mkono. Kaka alikuwa ameshika mnyororo wa ubavuni mwa lile lori, ametulia juu ya baiskeli yake kama mtu aliyekaa barazani, miguu haifanyi kazi. Hakuchukua maji. Alinikonyeza tu.

Nyuma yake, mita kama mia mbili, akaja kijana mmoja wa Chang'ombe. Alikuwa amelala juu ya usukani, midomo meupe, anayumba. Maji ya kaka nikampa yeye. Akanywa, mengine akajimwagia kichwani, akasema, "Ubarikiwe, mdogo wangu," akaendelea na upepo wake.

Pick-up iliyokuwa inaokota walioshindwa ikanichukua hadi Buigiri. Nilikuta watu wamekusanyika chini ya mti na yule kijana katikati, anasema mshindi amedandia lori. Wakamuuliza lori gani. Akasema la kijani, limebeba magunia. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba lori la kijani lilipita asubuhi na mapema, huyu njaa imempiga anaona malori. Watu wakaangua kicheko. Kaka akasema kwa upole kabisa kwamba ni kweli lori lilimpita, ila jekundu, na lilimpita yeye kama lilivyowapita wengine. Mwenye mbio akageuka, akaniona na dumu langu.

"Wewe mtoto ulikuwa Mtumba. Uliona mtu kashika lori?"

Kaka alikuwa anakagua tairi lake. Baba mkubwa alikuwa ananitazama mimi. Na yule kijana naye alinitazama, kwa matumaini, maana alijua mtoto aliyempa maji hawezi kumnyima neno moja.

Nikasema sikuona.

Kuanzia siku ile Chang'ombe nzima wakamwita Wapili. Wafaransa nao walikuwa na wapili wao, Raymond Poulidor, aliyesimama jukwaani mara 8 bila kuivaa jezi ya njano hata siku moja. Wao walimpenda kuliko waliomshinda. Wetu alichekwa. Watoto walimkimbilia barabarani wakipiga mlio wa lori.

Na ile Phoenix? Nisidanganye tena: ilitulea. Ilibeba mkaa, ilibeba maji, ilimbeba shangazi usiku wa uchungu akajifungua salama. Kaka aliikodisha, na sehemu ya hela hiyo ilinilipia ada ya sekondari. Ninapoandika Kiswahili hiki chenye nukta na mkato, kuna mnyororo wa lori umening'inia nyuma yake. Ndiyo maana watu wanaposema mfuko wa Armstrong ulikusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, siwabishii. Ulikusanya. Wagonjwa walisaidiwa. Nami nilisoma.

Kudandia kwenyewe ni kwa kale kuliko babu zetu. Tour ya pili kabisa, ya mwaka 1904, wanne wa kwanza waliondolewa wote, akiwemo Maurice Garin aliyekuwa ameshinda mwaka uliotangulia. Zilikuwapo tuhuma za watu kupanda treni. Ushindi akapewa kijana wa miaka 19, Henri Cornet. Zikaja dawa za kuchangamsha, na mwaka 1967 Mwingereza Tom Simpson akaanguka kwenye mlima Ventoux akafa, jua kali, mwilini mna amfetamini na pombe. Miaka ya tisini ikaja EPO, na hapo mchezo ukageuka. Amfetamini ilimdanganya mtu asisikie uchovu. EPO inamwongezea injini. Damu yenye chembe nyekundu nyingi inabeba oksijeni nyingi, misuli inakanyaga pale ambapo ya mwenzake imekwisha kukata. Ila damu nayo inakuwa nzito kama uji, na moyo ndio unaoulizwa.

Julai 1998 gari la timu ya Festina lilisimamishwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa, dereva wake Willy Voet, mchuaji wa timu, na ndani mna shehena ya EPO na homoni. Polisi wakaanza kupekua hoteli usiku. Mwaka uliofuata wakatangaza kwamba sasa mbio ni mpya, zimetakata. Ndio mwaka wa Motoman.

Katika mbio hizo mpya alikuwemo Mfaransa mmoja, Christophe Bassons, mtu ambaye wenzake wenyewe walishuhudia kwamba hachomi dawa. Alikuwa anaandika safu gazetini, na akaandika kwamba mwendo anaouona haumwingii akilini. Kundi zima likaacha kumsemesha. Armstrong akamsogelea wakiwa barabarani, akamwambia kama ana mawazo hayo bora aende nyumbani. Hata timu yake mwenyewe haikumtetea. Bassons alivumilia siku chache, kisha akafungasha, akaondoka mbio zikiendelea. Hakushindwa na mlima. Alishindwa na kula peke yake mezani.

Na alikuwepo Emma O'Reilly, mwanamke wa Ireland aliyekuwa mchuaji wa US Postal. Kazi yake kuchua miguu, kufunga vyakula, kuendesha gari. Alikuja kueleza kwamba kabla ya mbio za 1999 Armstrong alimwomba poda ya kuficha alama ya sindano mkononi. Poda! Nilisoma hapo nikaweka simu chini. Akaeleza pia kwamba katikati ya mbio zile mkojo wa Armstrong ulikutwa na kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe isiyoruhusiwa bila cheti cha daktari, na wakubwa wa timu wakakaa wakatunga cheti cha daktari chenye tarehe ya nyuma, eti ni krimu ya vidonda vya makalioni. Aliposema, Armstrong alimwita malaya na mlevi. Betsy Andreu, mke wa mwendeshaji mwenzake, aliyesema alimsikia hospitalini mwaka 1996 akiwatajia madaktari dawa alizowahi kutumia, aliitwa mwenye wivu na kichaa. Gazeti la Sunday Times lilishtakiwa, likalipa.

Wenzetu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Armstrong ilikuwa na zaidi ya kilomita 3,000 kila Julai kwa miaka saba, na mwisho wa ile ya saba, mwaka 2005, alisimama jukwaani Paris akasema anawasikitikia wasioamini miujiza.

Namna walivyokwepa vipimo inachekesha na kuudhi. Mwaka 1999 kipimo cha EPO kilikuwa bado hakijapatikana. Kilipopatikana, wakajifunza kuchoma dozi ndogondogo usiku kwenye mshipa ili asubuhi isionekane. Mwaka 1998 kwenye mashindano ya dunia, daktari wa timu aliingiza mfuko wa maji ya chumvi kwa kuuficha chini ya koti la mvua, akampitia mkaguzi, akamtundikia Armstrong damu ipungue uzito kabla ya kupimwa. Wakaongeza na damu yao wenyewe: inatolewa wiki kadhaa kabla, inawekwa kwenye friji, inarudishwa siku ya mlima. Kwa mujibu wa Floyd Landis, mwaka 2004 basi la timu lilisimama kando ya barabara, dereva akajifanya injini imekufa, na ndani watu wamelala wanaingiziwa damu. Sisi wa Dodoma tumelala Gairo mara ngapi kwa basi bovu? Hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani analiharibu basi kwa makusudi.

Lakini hasa ni ile damu kwenye friji. Nakumbuka tulivyoshinda kwenye korido tukihesabu nani katika ukoo bado hajaulizwa.

Vipimo havikummaliza. Waliommaliza ni watu. Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, USADA, lilitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 1,000, mashahidi 26, na 11 kati yao walikuwa wenzake wa timu. Akavuliwa mataji yote saba. Januari 2013 akakaa mbele ya Oprah Winfrey, na Oprah akaanza na maswali ya ndiyo au hapana. EPO? Ndiyo. Kuongeza damu? Ndiyo. Kwenye ushindi wote saba? Ndiyo. Nilitazama kipande hicho kwenye simu, nikatafuta uso wa mtu anayeumia, nikaona uso wa mtu anayelipa bili.

Mataji hayo hayakupewa mtu. Ukifungua orodha ya washindi utakuta 1999 hadi 2005 pako wazi, maana kati ya nafasi 21 za jukwaani miaka hiyo saba, USADA ilisema 20 zilikaliwa na watu waliohusishwa na dawa. Hapo ndipo wengi wanaponiambia, "Sasa si wote walikuwa sawa?"

Kaka naye aliniambia hivyohivyo. Nilimpigia mwaka jana, yuko Singida, anauza mafuta ya alizeti, mtu na heshima zake. Nilimwambia nataka kumweleza Wapili ukweli. Akacheka kwanza. "Dada, mambo ya zamani hayo. Kila mtu alidandia siku ile. Hata yeye lori lingempitia karibu angeshika." Nikakumbuka Armstrong mwaka 2015 akiwaambia BBC kwamba ikirudi 1995 na hali iwe ileile, huenda angefanya tena.

Usawa huo siuoni, na hesabu yake ni ndogo. Kwa mwanaume wa kawaida, chembe nyekundu zinachukua kati ya 40 na 50 katika kila 100 ya damu. Kwa kukosa kipimo, mwaka 1997 UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, waliweka mpaka wa 50: ukizidi, unapumzishwa. Yaani waliwaambia watu mlango wa zizi uko wapi. Sasa mwenye 39 za kuzaliwa akipandishwa hadi 49 amepata 10 za bure. Aliyezaliwa na 47 anapata mbili. Kwa hiyo dawa haikuwaacha kwenye mpangilio wao wa asili, iliwapanga upya, ikampendelea mwenye mwili wa kuitikia dawa na mwenye fedha za daktari mzuri. Na bado hujamhesabu aliyekataa dawa, akarudi kwao akafungua duka. Wapili hakushika lori. Nalo lilimpita yeye pia, maana lilifika kwangu likiwa mita kama mia mbili mbele yake.

Siku hizi Wapili ni fundi baiskeli, kibanda chake hakiko mbali na soko la Majengo. Hakuna aliyemzidi kunyoosha rimu. Jirani yake ni fundi viatu, mzee mwenye mdomo, ambaye ndiye anayelihifadhi lile jina lisife. Nilianza kumpelekea baiskeli ya mwanangu miaka minne iliyopita. Hanikumbuki, au nilidhani hanikumbuki. Nilikuwa nampelekea hata ambayo haijaharibika.

Anapenda habari za mbio. Nilimsimulia ile ya Ubelgiji ya Januari 2016, binti wa miaka 19 aliyekutwa na mota ndani ya fremu kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni. Fundi alishika fremu ya mteja, akaigonga kwa spana, akaichungulia bomba la kiti. "Ndani ya hii? Na betri?" Alisahau kazi iliyokuwa mkononi. "Aliyeitengeneza ni fundi," akasema, na sauti ilikuwa ya sifa kabisa. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, tulitazama pamoja kwenye simu yangu, kioo kimejaa alama za grisi ya vidole vyake. Tadej Pogačar, bingwa kutoka Slovenia, aliwaacha wenzake kama wamefungwa kamba. Fundi akauliza, "Na huyu je?" Nikabaki kimya. Sina neno baya juu yake wala sijasikia ushahidi wowote. Ila siku hizi kuna paspoti ya damu, wanafuatilia damu ya mtu mwaka hadi mwaka, na bado swali lile lilitoka kwa fundi kama chafya. Hilo nalo walituachia akina Armstrong. Wasafi wanalipa deni ambalo hawakukopa.

Nilimwambia Ijumaa moja, natoka kuchukua sindano za mama. Chupa yangu nilikuwa nimeiweka kivulini chini ya benchi lake. Alikuwa anasugua tyubu kwa msasa atie solusheni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini yalitoka machache.

"Mzee, shikamoo tena. Mimi ndiye yule mtoto wa Mtumba. Wa dumu la maji."

Aliendelea kusugua.

"Nililiona lori."

Akaweka msasa chini. Hakunitazama, alitazama barabarani, bajaji zinapita, vumbi. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Aliniuliza tu:

"Lilikuwa na rangi gani?"

"Kijani."

"Lilibeba nini?"

"Magunia."

Akainuka, mikono bado ina solusheni, akageukia kibanda cha pili akamwita fundi viatu kwa jina lake lote la utotoni. Yule mzee akaja na kiatu kimoja mkononi, anachechemea, anauliza kuna nini, wateja wamesimama. Fundi akanionyesha kwa kidevu.

"Rudia," akaniambia. "Anza na rangi."